Milima Iliyohama Usiku Mmoja: Karakana ya Grafiki ya Kampala na Hataza Mbili za Marekani

## Kabla ya kisa

Majina ya watu, kampuni na mtaa nimeyaondoa, na kiasi cha fedha sikitaji. Tarehe za hataza na za matoleo ya programu nimeziacha kama zilivyo katika kumbukumbu za umma, kwa sababu bila hizo kisa hakieleweki: karibu kila uamuzi uliofanywa hapa ulitegemea siku ambayo hataza fulani ingekwisha nguvu. Mimi niliitwa Oktoba 2019, jambo likiwa limeshaharibika nusu, niwasaidie mafundi kusoma leseni na mkataba. Yaliyotangulia walinisimulia wenyewe.

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili awazuie wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake kwa muda, kwa kawaida miaka 20 tangu alipowasilisha ombi. Isichanganywe na hakimiliki. Hakimiliki hulinda msimbo kama ulivyoandikwa. Ukiandika wako bila kunakili wa mtu, umesalimika. Hataza hulinda njia yenyewe. Hata ukiigundua njia hiyo peke yako, chumbani kwako, bila kuona kazi ya mwenzako, bado umeingia katika shamba la mtu.

## Karakana na chombo chake

Walikuwa watano katika vyumba viwili juu ya duka la vipuri. Fundi mkuu ni Mnubi wa Bombo. Fundi wa picha alitoka Bukavu akiwa kijana, na mwandishi wa tatu wa msimbo alivukia Busia. Kiswahili ndicho kilichowaweka meza moja, na hata maelezo ndani ya msimbo wao waliyaandika kwa Kiswahili, jambo ambalo baadaye lilitusaidia sana kufuatilia nani aliandika nini na kwa nini.

Chombo chao kilikuwa programu ya kuzalisha mandhari kwa ajili ya katuni na michezo ya kompyuta. Kilikuwa na sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ilizalisha vilima na mawingu kwa kile ambacho watu wa grafiki hukiita noizi: hesabu inayotoa namba zinazoonekana za kubahatisha, lakini ambazo hubadilika polepole kutoka nukta moja hadi jirani yake. Ukizigeuza namba hizo kuwa kimo cha ardhi, unapata vilima. Ukizigeuza kuwa weupe, unapata mawingu. Kwa vilima walitumia noizi ya pande mbili, mashariki-magharibi na kaskazini-kusini. Kwa mawingu walitumia ya pande tatu, kwa kuwa wingu linalosogea huhitaji muda kama upande wa tatu. Zote mbili zilikuwa za aina iitwayo simpleksi. Na hili likumbukwe: noizi si bahati nasibu. Ukiipa namba ileile ya mbegu, itakuzalia kilima kilekile leo, kesho na mwaka ujao. Kwa sababu hiyo mafundi hawakuhifadhi umbo la kilima katika faili la mteja. Walihifadhi mbegu tu. Faili lilikuwa dogo, likapita vizuri kwenye bando la intaneti la mtu yeyote.

Sehemu ya pili ilijenga umbo la kitu kutokana na picha. Unapiga picha 30 au 40 ukikizunguka kitu, programu inatafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha, kisha inakokotoa umbo lake. Kutafuta alama hizo walitumia algoriti (yaani hatua za hesabu) ya SIFT iliyomo katika OpenCV, maktaba huria, yaani mkusanyo wa msimbo ulioandikwa tayari ambao yeyote anaweza kuutumia.

Wateja waliohusika na kisa hiki ni watatu. Wa kwanza ni mama mmoja wa Mombasa mwenye mfululizo wa katuni za watoto kwa Kiswahili. Wa pili ni kikundi cha Waganda kinachohifadhi kumbukumbu za olubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo ufundi wake UNESCO iliutangaza urithi wa binadamu mwaka 2005. Wa tatu ni kampuni ya michezo ya kompyuta iliyoko Marekani, na huyo ndiye aliyeleta barua.

## Makovu ya fani

Mafundi walidhani wao ndio wa kwanza kukutwa na jambo kama hili. Sivyo. Nadhani wangejua waliowatangulia walifanya nini, wasingefanya pupa.

Chukua picha za GIF. Kampuni ya huduma za mtandao ya CompuServe ilitoa muundo huo mwaka 1987, na ndani yake mna njia ya kubana data iitwayo LZW. Njia hiyo Terry Welch alikuwa ameichapisha katika jarida mwaka 1984, watu wakaisoma kama maarifa ya wote. Kumbe ombi la hataza lilikuwa limewasilishwa tangu Juni 1983, na hataza ikatolewa Desemba 1985. Mwishowe ikaangukia mikononi mwa kampuni ya kompyuta ya Unisys. Desemba 1994, GIF ikiwa imeenea kila mahali, likatoka tangazo kwamba watengenezaji wa programu zinazoandika GIF walipie leseni. Wiki chache baadaye watu walianza kubuni muundo mbadala kwa kupeana mawazo kwenye mtandao, na PNG ikapata hadhi ya pendekezo rasmi la W3C, shirika la viwango vya wavuti, Oktoba 1996. Lakini maumivu hayakuishia hapo. Maktaba ya gd, ambayo tovuti nyingi ziliitegemea kuchora grafu na vitufe, iliondoa GIF katika toleo la 1.6, ikairudisha katika toleo la 2.0.28 mwaka 2004, baada ya hataza kumalizika Marekani tarehe 20 Juni 2003 na kwingineko mwaka uliofuata. Kwa miaka yote hiyo, mtu aliyesakinisha programu iliyotegemea gd aliikuta haina kitu ambacho zamani ilikuwa nacho, bila mtu kushtakiwa.

Kwenye pande tatu mambo yalikuwa yaleyale. William Lorensen na Harvey Cline wa General Electric walieleza mwaka 1987 njia ya kujenga uso wa kitu kutokana na data ya vipimo vya hospitali, iitwayo marching cubes. Ilikuwa na hataza, na wengine wakalazimika kukata mchemraba kuwa piramidi ndogo ili waikwepe. Ubanaji wa picha wa S3TC, ambao kadi za video zinautumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, haukuingizwa ndani ya Mesa, msingi wa grafiki huria za Linux, mpaka hataza ilipokwisha Oktoba 2017. John Carmack, mwandishi wa programu za michezo ya kompyuta, alifikia peke yake njia fulani ya kuchora vivuli mwaka 2000. Wahandisi wawili wa kampuni ya Creative Labs walikuwa wameshaiombea hataza mwaka mmoja kabla. Msimbo wa mchezo wake wa Doom 3 ulipofunguliwa kwa umma Novemba 2011, ilibidi kwanza abadilishe sehemu hiyo.

Katika visa hivi vyote hataza ilifanya kazi kubwa zaidi nje ya mahakama kuliko ndani yake. Iliishi katika vitu vilivyoondolewa kimyakimya.

## Barua ya Agosti 2019

Kampuni ya Marekani ilitaka leseni za kutosha kwa timu nzima ya wachoraji. Kwa karakana hiyo ulikuwa mkataba mkubwa kuliko yote iliyowahi kuona. Rasimu ikaja na kifungu kimoja kirefu: muuzaji anathibitisha kwamba bidhaa yake haivunji hataza yoyote, na endapo mtu atadai, muuzaji atabeba gharama zote, bila kikomo. Chini yake, wakili wa mnunuzi alikuwa ameandika maswali mawili. Je, noizi mnayotumia ni ya simpleksi? Je, sehemu ya picha inatumia SIFT?

Maswali yale yalikuwa na msingi. Noizi ya kwanza, aliyoieleza Ken Perlin mwaka 1985, haikuwa na hataza na imejaa katika filamu tangu wakati huo. Simpleksi ni kazi yake ya baadaye, yenye hesabu nyepesi: katika pande tatu inatazama kona nne badala ya nane. Hiyo ilikuwa na hataza ya Marekani namba 6,867,776, iliyoombwa Januari 2002 na kutolewa Machi 2005. Nayo SIFT, kazi ya David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, ilikuwa na namba 6,711,293, iliyoombwa Machi 2000. Ukihesabu miaka 20, ya kwanza ingekwisha Januari 2022, ya pili Machi 2020. Siku barua inafika, SIFT ilikuwa imebakiza miezi saba tu. Hakuna aliyehesabu.

Palitokea mjadala mezani, na ninauandika kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na hoja. Fundi mkuu alisema, "Tusaini tu. Nani atatufuata Kampala?" Fundi wa picha akamjibu, "Kaka, hawatatufuata sisi. Watamfuata mnunuzi, na mnunuzi atarudi kwetu na karatasi yenye saini yako."

## Wiki mbili za pupa

Waliamua kutosaini kwanza. Huo ulikuwa uamuzi sahihi. Kisha wakaamua kusafisha kila kitu ili wasaini kwa moyo mweupe, na hapo ndipo palipoharibika.

Walitafuta neno "simpleksi" katika msimbo wote wakalifuta, pande mbili na pande tatu, wakaweka OpenSimplex mahali pake. OpenSimplex aliitoa Kurt Spencer mwaka 2014 makusudi ili watu wapate noizi ya sura inayofanana bila kugusa hataza ile, na ni kazi nzuri. Kwa nini hawakurudi tu kwenye noizi ya 1985? Kwa sababu ile huacha mistari inayofuata pembe za gridi, na jicho la mchoraji huiona upesi kwenye anga tupu. Kwenye sehemu ya picha waliitoa SIFT wakaweka ORB, algoriti ya mwaka 2011 iliyobuniwa ili kuwa mbadala usio na masharti. Toleo jipya likaenda kwa wateja wote Ijumaa moja ya Septemba, likijisasisha lenyewe.

Jumatatu simu ikalia kutoka Mombasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, milima yangu imekwenda wapi?"

Katika katuni za yule mama kuna kilima chenye mabega mawili nyuma ya nyumba ya mhusika mkuu, mtoto mchunga mbuzi. Mtoto anakipanda katika kila sehemu ya mfululizo. Sehemu sita zilikuwa zimesharushwa. Wachoraji wake walipofungua faili la sehemu ya saba, mbegu ilikuwa ileile, lakini hesabu ilikuwa nyingine. Kilima kimetoweka, mahali pake pana bonde. Njia ya mbuzi ilikuwa inapaa hewani.

Kwa watu wa olubugo hakukuwa na simu ya haraka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Gome la mutuba hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwa hiyo kitambaa chote hujaa mistari midogo inayorudiarudia. SIFT ilikuwa ikijitahidi juu ya mistari hiyo. ORB ikawa inafananisha mstari wa kona hii na wa kona ile, na vitambaa vikatoka vimekunjamana kama karatasi iliyolowa. Kikundi kilidhani makosa ni ya picha zao. Walirudi kupiga upya vipande walivyoweza kuvipata, lakini vingine vilikuwa vimeazimwa kwa familia na kurudishwa. Walihangaika wiki tano kabla ya kuuliza. Maonyesho yao ya mtandaoni yalikuwa Novemba.

## Kusoma uzio

Nilipoitwa, jambo la kwanza nililoomba ni karatasi ya hataza yenyewe, yaani zile kurasa za mwisho zenye madai. Maelezo ya mwanzo ya hataza yanaweza kusema chochote. Kinachozuiwa ni kile kilichomo katika madai, neno kwa neno. Madai ndiyo uzio. Hakuna aliyekuwa ameyasoma.

Kulikuwa na woga wa kuyasoma, na woga huo una asili yake. Sheria ya Marekani inaruhusu mahakama kuongeza fidia hadi mara tatu pale ambapo mtu alivunja hataza kwa makusudi, na kwa sababu hiyo wahandisi wengi wa huko huambiwa na waajiri wao wasizisome hataza za wengine. Fundi wa Busia alikuwa amelisikia hilo. Tulilipia saa mbili za wakili wa Marekani, na alitueleza jambo rahisi: barua ya Agosti ilikuwa imeshataja algoriti zote mbili. Ujuzi mlishapewa, sasa kutosoma hakuwalindi na chochote.

Tukasoma. Kwa ya simpleksi, yaliyohusika na kazi yetu ni utengenezaji wa picha kwa noizi ya pande tatu na zaidi, kwa mbinu mahsusi zilizoelezwa humo. Vilima vya pande mbili vilikuwa nje ya uzio tangu mwanzo. Kilima cha mama wa Mombasa hakikuwa na sababu yoyote ya kuhama.

Wakili wa Kampala naye alitazama upande wa nyumbani. Hataza ni ya nchi iliyoitoa. Ya Marekani inazuia kutengeneza, kutumia na kuuza ndani ya Marekani, na kuingiza bidhaa huko. Hakuikuta hataza yoyote kati ya hizo mbili ikiwa na nguvu Uganda. Tena Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014 inaziweka njia za hisabati nje ya mambo yanayoweza kupewa hataza, wakati programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006. Kwa lugha nyepesi: kikundi cha olubugo, kinachofanya kazi Uganda kwa kompyuta zilizoko Uganda, kingeweza kuendelea na SIFT bila kumkosea mtu.

## Maamuzi na sababu zake

Vilima vilirudishiwa simpleksi ya pande mbili ndani ya siku moja. Mawingu yakabaki na OpenSimplex, kwa wateja wote. Tuliulizana kama mteja asiye wa Marekani arudishiwe mawingu ya zamani, lakini mama wa Mombasa alitazama akasema wingu ni wingu, halina mtu anayelikumbuka. Kudumisha matawi mawili ya msimbo wa mawingu kungekula muda wa fundi mmoja kila mwezi kwa faida isiyoonekana na yeyote.

Kwa SIFT tulifanya kinyume: matoleo mawili. La Marekani likaondolewa sehemu ya picha kabisa, pasiwe na mbadala dhaifu wa kuwaaibisha; la wengine likarudishiwa SIFT. Kazi haikuwa nyepesi. Wasimamizi wa OpenCV walikuwa wameiweka SIFT katika fungu la zisizo huru, na vifurushi vilivyokuwa tayari kupakuliwa havikuwa nayo tena, kwa hiyo ilibidi kuijenga maktaba nzima kutoka kwenye chanzo. Umeme ulikatika mara mbili, ujenzi ukaanza upya mara mbili.

Kisha mkataba. Tulikataa neno "hataza yoyote", kwa kuwa hakuna mtu duniani anayeweza kuapa hivyo kwa ukweli. Maombi mapya hukaa miezi kadhaa bila kuchapishwa. Badala yake tuliandika: kwa kadiri ya ufahamu wetu wa leo; tukidaiwa tutabadilisha sehemu inayodaiwa au tutarudisha fedha; na jumla ya tutakacholipa haitazidi tulicholipwa na mnunuzi. Tuliambatanisha ukurasa mmoja unaoonyesha wapi noizi gani inatumika na kwa nini. Sehemu ya picha ingeongezwa baada ya Machi 2020.

Na la mwisho, lililotoka kwa fundi wa Busia mwenyewe: kuanzia hapo kila faili la mteja linabeba jina la algoriti na namba ya toleo lake pembeni ya mbegu. Programu ikifungua faili la zamani inatumia hesabu ya zamani, au inamwuliza mwenye faili kabla ya kugusa chochote.

## Matokeo

Kampuni ya Marekani ilijibu baada ya wiki saba na kukubali kikomo. Wakili wao alisema ukurasa ule wa maelezo ndio uliomtuliza. Lakini walinunua nusu tu ya leseni walizotaka mwanzoni, kwa kuwa sehemu ya picha haikuwepo, na timu nyingine ilikuwa imeshapata chombo kingine.

Mama wa Mombasa alipata kilima chake. Sehemu ya saba ilichelewa wiki tatu, na karakana ilimlipia wachoraji wake siku walizopoteza. Bado ni mteja.

Kikundi cha olubugo kiliondoka. Toleo lililorudishiwa SIFT lilikuwa tayari siku chache kabla ya maonyesho yao, muda usiotosha kuchakata picha zote. Walitumia picha za kawaida. Fundi mkuu aliwaendea kuomba radhi, wakampokea vizuri, wakampa chai, wala hawakurudi.

Tarehe 6 Machi 2020 hataza ya SIFT ilikwisha. Julai mwaka huohuo OpenCV 4.4.0 ikaihamishia SIFT katika sehemu kuu ya maktaba, na yale mahangaiko ya kujenga kutoka kwenye chanzo yakaisha.

## Kilichofaa, kilichoshindikana

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kumtendea kila mteja kana kwamba yuko Marekani. Watu wa olubugo waliadhibiwa na sheria isiyowahusu, ya nchi ambayo kitambaa chao hakikuwahi kufika, kwa sababu tu chombo walichotumia kilisasishwa kwa ajili ya mtu mwingine. Naona jambo hili likitokea tena na tena katika programu tunazozitumia Afrika Mashariki: kitu kinaondolewa kwa ajili ya hataza ya mbali, na kinaondoka kwetu pia, bila maelezo. Tunapokea tahadhari ya wengine kama upungufu wetu. Safari hii walioondoa walikuwa wenzetu, kwa mikono yao, na ndiyo maana kisa hiki kinanikera kuliko vya GIF na Mesa.

Kosa la pili linafanana nalo: kutafuta jina badala ya kusoma madai. "Simpleksi" ni jina, na hataza haizuii jina. Kama mtu mmoja angekaa jioni moja na madai na kamusi ya sheria, vilima visingehama. Nawatetea kidogo katika hili. Lugha ya madai ni ngumu hata kwa Mmarekani, na watu hawa walikuwa wakiisoma kama lugha ya tatu au ya nne. Lakini walikuwa na wiki mbili, na walizitumia kuandika msimbo.

Tarehe nazo. Kubadilisha SIFT kwa ORB kulichukua siku nane za fundi wa picha, yaani yule aliyekuwa na hoja nzuri kuliko wote mezani. Hataza ilikuwa imebakiza miezi saba. Kuifunga sehemu ile kwa mnunuzi mmoja na kusubiri kungegharimu mstari mmoja katika mkataba, na ndivyo tulivyofanya mwishoni. Kwa simpleksi hali ilikuwa tofauti: miaka miwili na zaidi ni mirefu mno kwa mnunuzi kusubiri mawingu, kwa hiyo mbadala ulistahili.

Kilichofaa ni ule ubishi wa mezani. Fundi wa picha alielewa bila wakili kwamba mkataba hubeba hataza kuvuka bahari. Sheria ya Marekani isingefika Kampala kwa miguu yake; ingefika kwa saini. Kikomo cha fidia ndicho kilichoigeuza hatari ya kuzama kuwa hasara inayohesabika, na karakana ndogo ikikosa kikomo hicho ni afadhali ikose mnunuzi.

Sijaridhika bado na swali la gharama. Mawakili wawili walikula sehemu kubwa ya faida ya mkataba ule. Studio kubwa za nje hununua leseni, au huwa na hataza zao za kubadilishana. Watu watano juu ya duka la vipuri hawana cha kubadilishana. Hilo hatukulitatua, na ukurasa wetu mmoja wa maelezo haulitatui.

Hataza ya simpleksi ilikwisha Januari 2022. Mwaka huo fundi mkuu alinipigia kuniuliza kama sasa warudishe mawingu ya zamani, ambayo hesabu yake ni nyepesi kidogo. Tulifungua pamoja orodha ya mafaili ya wateja. Sehemu ya 7 hadi ya 13 za katuni za Mombasa zilikuwa zimejengwa juu ya OpenSimplex, na katika sehemu ya 11 mtoto anamwonyesha mdogo wake wingu lenye umbo la mbuzi. Wakaliacha.